Kuhusu mbwa wako wawili na mlo usio na nyama

Dada yangu, umeuliza kama mbwa wawili uliowaokota mtaani hapo Mombasa wanaweza kuishi bila nyama kama wewe, ilhali mama analalamika kwamba unawatesa na kwamba mate yao yanamtia najisi.

Mbwa, tofauti na paka, humeng'enya wanga vizuri, na wapo wanaoishi kwa mlo wa mimea uliopangwa kwa uangalifu. Lakini ugali na maharagwe pekee havitoshi, hasa kwa huyo ambaye bado ni mtoto, kwa hiyo mwone kwanza daktari wa mifugo. Mabaki ya mchuzi usiwape kamwe, kwa kuwa vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu yao. Binafsi ningewapa dagaa kwa muda kuliko kuwaacha wadhoofike, wala sioni kuwa huko ni kuusaliti msimamo wako.

Mama naye ana haki yake. Katika madhehebu ya Kiislamu ya Shafii, chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi watengee vyombo vyao na banda uani, mbali na anaposalia.