Eti huku Marekani mwenye kipato kidogo anatibiwa bure?

Mdogo wangu kanitumia voisi jana, dakika nne nzima, anasema kaka kila siku unalia huna hela, sasa si ujiandikishe kwenye ile bima ya serikali ya masikini, tunasikia huko asiye na kitu anatibiwa bure. Nikaanza kumjibu kwa voisi nikaona nitabwabwaja tu, acha niandike, na nyie wengine mnaocheza bahati nasibu ya Green Card msome humuhumu.

Bima ipo kweli, inaitwa Medicaid, ipo tangu 1965. Mimi nimekuwa nayo hapa Ohio na siwezi kuisema vibaya, kwa mwezi nilikuwa silipi hata senti, dawa za presha nachukua naondoka zangu, na siku ya kwanza kwa daktari wakaniunganishia mkalimani wa Kiswahili kwenye simu, kumbe Mkongomani, Kiswahili chake cha Bukavu na changu cha Tanga vikavutana kidogo lakini dawa zikaeleweka.

Shida ni kuipata na kubaki nayo.

Ukija na Green Card kama mimi unasubiri miaka 5 kwanza, sheria ya 1996 hiyo, watoto na wajawazito majimbo mengi yanawapa mapema ila mwanaume mzima kaa usubiri. Wakimbizi na waliojilipua, yaani walioomba hifadhi, wakakubaliwa walikuwa hawasubiri, ila sheria iliyosainiwa Julai 2025 inawatoa wengi wao kuanzia Oktoba 2026 mpaka wawe na Green Card. Mimi kidole tumbo kilinikuta mwaka wa pili. Emajensi hawakufukuzi, sheria inawalazimisha wakuhudumie mpaka hali itulie, lakini bili inakufuata nyumbani. Yangu ilikuja kwenye bahasha nyembamba hivi, nikaona tarakimu nikadhani ni namba ya simu ya hospitali. Nikakaa nayo miezi mitatu juu ya friji bila kumwambia mtu, hata nyie sikuwaambia, mpaka mama mmoja Mghana kazini akanistua kwamba hospitali zisizo za faida lazima ziwe na fomu ya kuomba msaada wa bili. Nikajaza, ikafutwa. Pale hospitali hakuna aliyewahi kunitajia hiyo fomu.

Halafu inategemea umeangukia jimbo gani. Sheria ya Obama ya 2010 ilitaka wenye kipato kidogo wote waingie, Mahakama Kuu ya nchi 2012 ikasema kila jimbo liamue lenyewe, 40 yakakubali na 10 bado yamegoma. Jamaa yangu yuko Dallas, mbeba boksi mwenzangu, hana mtoto, si mlemavu, hajafika miaka 65. Texas mtu wa hivyo hata awe na sifuri mfukoni hapati.

Sasa njoo kwenye hesabu, maana hapo ndo mnahusika nyie.

Fomu ya Medicaid inauliza kaya yako ina watu wangapi. Nikaandika 6: mama, wewe mdogo wangu, watoto watatu wa marehemu dada, na mimi. Mama mmoja wa ofisi ya Medicaid akasoma, akaniangalia, akauliza hawa wote unaishi nao? Nikamwambia wako Tanzania ila mimi ndo nawalisha. Hakubishana, akachukua kalamu akakata 6 akaandika 1. Basi. Kodi ya huku haiwatambui mkiwa huko, na bima inafuata hesabu za kodi. Kiwanja changu cha Kigamboni nacho hawakukiuliza (afadhali), wanaangalia kinachoingia tu, kabla ya makato, ninachotuma kwa mama wala hawakitoi.

Kwa mtu 1 mwaka 2025 kikomo cha kipato kilikuwa kama dola 1,800 kwa mwezi. Ingebaki ile 6 yangu kingekuwa karibu 4,960. Na hiyo 1,800 msiione nyingi, kima cha chini Ohio 2025 kilikuwa dola 10.70 kwa saa, mtu akifanya masaa 40 kwa wiki tayari kapitiliza, yaani mwenye kima cha chini kabisa anaonekana tajiri. Mimi wananipa masaa 28 kwa dola 14 na nusu, 28 makusudi, maana kampuni kubwa ukifika 30 inabidi wakupe bima ya kazini. Inatoka kama 1,760, inabaki dola 40 nigonge ukuta.

Ndo mkanipigia Novemba, mabati yameng'oka na ada ya watoto inadaiwa. Nikachukua shifti za ziada wiki tano. Mabati yakapigwa, picha niliiona, pazuri. Kipato kikibadilika una siku 10 za kutoa taarifa, nikatoa, ikaja barua Medicaid inakatwa. Nikaingia bima ya kununua, serikali inachangia kidogo, nalipia kila mwezi na bado kuna kiasi natoa mfukoni kwanza ndo nao waanze kulipa, kwa hiyo dawa za presha kuna wiki nilikuwa nameza siku moja naruka moja. Msimwambie mama.

Nimeshaomba upya, unaruhusiwa mwezi wowote, wana siku 45 za kunijibu. Na kufikia Januari 2027 watu wa kundi langu watatakiwa kuonyesha masaa 80 ya kazi kwa mwezi na kukaguliwa kila miezi sita, kazi ninayo ila makaratasi ndo yatanichosha.

Kwa hiyo mdogo wangu ada nitatuma, ila nusu mwezi huu nusu ujao, sichukui shifti za ziada mpaka nijibiwe. Nenda kamwone mwalimu mkuu mapema, usisubiri watoto warudishwe.