Kabla hujapandisha video, tazama kilicho nyuma yako

Wadogo zangu mnaouza kwa simu, juzi baada ya alasiri nilikaa na wanne wenu kipaani, juu ya nyumba yetu ya Langoni hapa Lamu, nikaoneshwa video kumi na moja ambazo hazijapandishwa bado. Nimeshuka ngazi moyo mzito. Kazi zenu ni nzuri mno. Viazi karai vya yule wa kwanza vilinitia njaa, na mikeka ya binti wa Matondoni inaonesha wazi mikono iliyofunzwa tangu utotoni. Kinachonisumbua ni kwamba makosa niliyoyafanya mimi mwaka 2020, nilipoanza kuuza achari, mmeyarudia moja baada ya jingine, na mawili kati ya hayo si ya kuchekewa. Kwa hiyo nimeandika. Yasomeni yote, hata yale mnayodhani mnayajua.

1. Taa na simu

Mmoja wenu amekopa shilingi 2,500 kununua taa ya duara, na chupa za kutilia bidhaa hana. Mwanangu! Nyumba zetu zina kiwanda, yaani ua wa wazi, katikati, na jua la saa tatu asubuhi likimulika ukuta mweupe, mwanga wake unatosha kumpigia picha bi harusi, sembuse bakuli la achari. Kaa ubavuni mwa mwanga, usiupe mgongo. Simu isimame wima. Futa kioo cha kamera kwa pindo la kanga, maana nusu ya zile video zenu zina ukungu wa mafuta ya vidole. Stendi kama huna, egemeza simu kwenye mkebe wa sukari. Hayo yametosha.

2. Sauti

Ondoeni nyimbo. Najua mmeambiwa wimbo unaovuma unasukuma video mbele, na pengine unasukuma kweli, lakini unazisukuma zote sawa, yako na ya mwenzako anayeuza vifuniko vya simu. Mtu akisikia mbuzi inavyokwaruza nazi, au kiazi kinavyolia kikiingia kwenye mafuta, anajua yuko jikoni kwa mtu. Mteja wangu wa kwanza wa Nairobi aliniagizia chupa sita, na alipopiga simu hakuuliza pilipili ni kali kiasi gani. Aliniuliza, "Yule punda aliyelia pale mwisho ni wa nani?" Alizaliwa Mkomani, mtaa wa hapa hapa Lamu, alikuwa na miaka minane hajarudi. Tukazungumza nusu saa, na mpaka leo ananunua. Ile sehemu ya punda nilikuwa karibu kuikata.

Wakati wa kusi msirekodi kipaani; upepo unameza maneno yote. Shukeni chini. Na adhana ikianza, zimeni simu.

3. Kilicho nyuma yako

Hapa nataka mtulie.

Kila anayewafunza kuuza mtandaoni anawaambia: rekodi nyumbani, onesha maisha yako halisi, watu wamechoka na matangazo yaliyopakwa rangi. Nami nasema hivyo hivyo, na nitaendelea kusema. Video ya mama anayekata maembe mabichi kwenye uteo inauza kuliko tangazo la studio, kwa sababu mnunuzi anaona mikono, kisu, mbegu zikitupwa pembeni. Lakini nyumbani kwenu Lamu huishi peke yako, na ukifungua kamera unawafungulia watu mlango bila hodi.

Mwaka ule wa kwanza, ami yangu alikuwa anamwoza bintiye. Nyumba yao na yetu zimepakana, na kwa kuwa ya kwao ina nafasi, wiki ya harusi wanawake wote tulihamia huko. Mimi nilikuwa na oda za achari za kumaliza, nikabeba maembe yangu yaliyokwisha kuanikwa, siki, haradali, uwatu na pilipili, nikajipa pembe yangu msanani, ule ukumbi mrefu unaotazama kiwanda. Ilikuwa asubuhi ya Alhamisi. Mwanga ulikuwa umeingia kwa upole kutoka kiwandani, vipande vya embe vimekunjamana vizuri kwa jua la siku tatu, nikasema nisipige video leo nitapiga lini? Nikaegemeza simu, nikavua pete, nikaanza kuchanganya.

Video ilikuwa ya sekunde 28. Niliitazama mara saba kabla ya kuipandisha. Nilitazama mikono yangu kama imetulia, rangi ya bizari kama imetoka, nikatazama mpaka tone la mafuta lililoshuka ukingoni mwa bakuli. Sikutazama ukutani. Ukutani kulikuwa na kioo kikubwa, na pembe yake ilikuwa imeingia kwenye fremu, juu kulia. Kuanzia sekunde ya 11 mpaka ya 15, ndani ya kioo kile, anaonekana binti ya ami yangu ameketi anasingwa liwa, ule msandali wa kumng'arisha bi harusi, nywele zimefunguliwa, mabega wazi, kanga kifuani, anacheka na mtu ambaye haonekani.

Nilipandisha TikTok, nikaweka na stetasi ya WhatsApp, nikarudi kwenye bakuli langu. Adhuhuri haijaingia, simu ikalia kutoka Mombasa. Mke wa kaka yangu hakunisalimu. Alisema, "Tazama kioo."

Niliifuta mara moja, mikono bado ina pilipili. Mkidhani kufuta ndio mwisho, mnajidanganya, na hili ndilo ninalotaka likae vichwani mwenu kuliko yote. Watu watatu walikuwa wameihifadhi kwa nia njema, ili wanitangazie achari yangu. Wawili kati yao walikuwa wameiweka kwenye stetasi zao. Na mtu mmoja, ambaye mpaka leo sijui ni nani, alizikata zile sekunde nne, akaikuza pembe ya kioo, akaituma kwenye kundi. Kufikia magharibi, mama wa bwana harusi alikuwa ameshaletewa.

Ami hakunipigia kelele. Laiti angepiga. Aliniita, nikamkuta ameketi tekani, pale ndani kidogo mlango unapopinda kabla hujaingia kiwandani. Akaniuliza, "Unajua kwa nini mlango huu haukunyoka?" Nilijua. Kila mtoto wa nyumba ya mawe anajua: njia inapinda ili mpita njia, hata mlango ukiwa wazi, asione walio ndani. Daka kwa wageni, tekani, kisha kiwanda, kisha misana, na ndani kabisa ndiko kwa wenyewe. Nikamjibu hivyo. Akasema, "Wazee waliipinda. Wewe umeinyosha." Akainuka, akaenda msikitini.

Harusi ilifungwa, alhamdulillahi. Lakini mnajua kupamba ni nini. Bi harusi anafichwa siku zote zile, anasingwa, anatiwa hina, ili usiku ule wanawake wamwone kwa mara ya kwanza akiwa amekamilika. Usiku ule niliketi nyuma kabisa. Pazia lilipofunguliwa, vigelegele vilipigwa, lakini niliziona nyuso za baadhi ya wageni wakisogezeana vichwa, na nikajua wanazungumza kuhusu nini. Walikuwa wameshamwona. Nilimnyang'anya kitu ambacho hakirudishwi, na nilimnyang'anya kwa ajili ya chupa za achari za shilingi 350.

Nilimwendea baada ya fungate, nikaomba radhi, akanisamehe. Leo watoto wetu wanacheza pamoja. Lakini hajawahi kuingia kwetu, hata siku moja, bila kuuliza kwanza simu yangu iko wapi.

Sasa mnaelewa kwa nini juzi nilinyamaza ilipofika video ya viazi karai. Wewe uliyeirekodi unajijua. Nyuma yako, mlango uko wazi, na mama yako amelala kitandani baada ya kazi za usiku, mguu umetoka kwenye shuka. Hukumwona. Nakuamini kabisa kwamba hukumwona, kwa sababu nami sikuona.

Fanyeni hivi, wala si kazi kubwa. Kabla ya kugusa bidhaa, rekodi sekunde kumi za mahali patupu, kisha zitazame pembe nne moja baada ya nyingine: mlango, dirisha, kioo, kamba ya nguo, vifuniko vya sufuria vinavyong'aa. Geuza simu ielekee ukuta au sakafu. Waambie walio ndani kwamba unarekodi, kwa sauti, na uwaambie tena ukimaliza. Halafu usipandishe palepale. Mpe mtu mwingine wa nyumba hiyo aitazame huku sauti imezimwa, maana wewe macho yako yako kwenye achari.

4. Sura za watu

Mteja akipokea mzigo akafurahi, usimrekodi mpaka umemwomba, na umwambie utaiweka wapi. Mtoto, mwombe mzazi wake. Hili si adabu tu. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wewe una milioni ngapi?

Na wale wawili mliopanga kumvalisha binamu abaya awe "mteja wa Malindi" aliyetokwa na machozi ya furaha, acheni. Mji huu mdogo, binamu yenu anajulikana.

5. Bei

Isemeni. "Njoo inboksi kwa bei" inawafukuza watu, na anayekuja anakuja ameshakasirika. Bei, ukubwa wa chupa, namba ya Till ya kulipia, basi.

6. Rangi na maneno

Binti wa Matondoni, mkeka wako ule wa zambarau umeutia filta ukatoka waridi. Mnunuzi wa Mombasa atautandika sebuleni mwake aone rangi nyingine, ataurudisha, na nauli utalipa wewe. Mbona umeficha pale ukili, ule utepe wa miyaa uliosukwa, unapoungana na mwenziwe? Mshono ule ndio unaoonesha kwamba miyaa imesukwa kwa mkono. Sogeza simu karibu. Kaa hapo sekunde tano, kimya. Mtu anayejua mikeka atakununulia mshono, na asiyejua atajifunza kwako.

Nami achari yangu mafuta hupanda juu ikikaa. Zamani nilikuwa natikisa chupa ndipo nirekodi. Wateja wakawa wanapiga simu, imeharibika hii? Sasa naonesha mafuta yakiwa juu, nachukua kijiko, nakoroga mbele ya kamera. Simu hizo zimekwisha. Wala msiseme ndimu yenu inatibu presha, uzeni ndimu.

7. Mzigo

Video ikikubaliwa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Chupa itashuka kwenye boti, itavuka mpaka Mokowe, ng'ambo ya bara, itapanda basi, itapigwa na barabara Witu, Garsen, Malindi, ndipo iingie Mombasa. Kifuniko kizungushiwe plasta, mfuko, kisha mfuko mwingine, kisha karatasi za gazeti. Rekodini mkifunga. Hiyo ndiyo video ambayo hampigi, na kwangu imeuza kuliko nyingine zote, kwa sababu mtu wa mbali hofu yake si ladha, hofu yake ni kufungua boksi akute mafuta. Niliwahi kuwa na video iliyotazamwa na maelfu ikaniletea oda tatu. Ya kufunga mzigo waliitazama watu wasiofika mia tisa, nikapata oda 14 ndani ya siku mbili. Hesabuni oda, msihesabu macho.

Jana usiku yule wa viazi karai amenitumia video mpya. Simu ameiweka juu ya gunia la mchele, inatazama jiko na ukuta. Mikono yake tu, unga wa manjano, kiazi kinazama na kuinuka. Katikati kunasikika sauti ya mama yake kutoka pembeni: "Chumvi bado." Nikampigia hapo hapo kumuuliza kama mama anajua. Akaniambia mama ameitazama mara mbili, amesema sauti yake iachwe, uso hapana. Asubuhi hii ameshauza sinia mbili.