Matabaka ya mji wa wachawi unaoelea: anza na wanaobeba mizigo

Salamu kutoka Tabora, ndugu. Umeeleza kwamba mji wako wa wachawi unaelea juu ya nyika na una matabaka manne, likiwemo la wapagazi wa angani wanaobeba mizigo, lakini matabaka hayo yamebaki majina tu na hadithi haisogei. Kabla ya kuongeza cheo kingine, angalia kwanza ni nani anayepandisha maji, chumvi na chakula, kwa sababu mji usio na shamba wala kisima huwategemea walio chini, hata uchawi wake uwe mkubwa kiasi gani.

Katika hadithi yangu niliegemea historia ya hapa kwetu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani waliokaa Unyanyembe, eneo la Tabora, walikuwa na mtaji na bunduki, watemi, yaani watawala wa Kinyamwezi, walitoza hongo (ushuru wa njia) kwa misafara, na wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu, nguo na shanga kwa ujira. Kila kundi lilishika kitu ambacho wengine walikihitaji. Mtemi Mirambo wa Urambo alipoifunga njia ya kwenda Ujiji mwaka 1871, biashara ya matajiri wa Tabora ilikwama, na hapo ndipo nguvu halisi ilipoonekana.

Basi lipe kila tabaka kitu linachoweza kukizuia. Wapagazi wako wa angani nimewapenda sana, na ningewakabidhi wao ngazi ya kupandia mjini. Kisha andika sura ambamo wanagoma, na ufuatilie kwa makini ni mchawi gani anayeshuka kwanza kuzungumza nao.