Jibu: Karl-Marx-Stadt haionekani kwenye ramani

Salaam, ndugu. Umeuliza kwa nini mji wa Karl-Marx-Stadt, uliotajwa kwenye cheti cha baba yako cha mwaka 1978, hauonekani kwenye ramani ya Ujerumani. Nami nilihangaika hivyo hivyo na karatasi za marehemu mjomba wangu, hata nikautafuta karibu na Trier, mji wa Ujerumani alikozaliwa Karl Marx, mwanafalsafa wa ukomunisti.

Tazama kwanza tarehe: ikiwa ni kati ya 10 Mei 1953 na 1 Juni 1990, mji huo ni Chemnitz, ambao serikali ya Ujerumani Mashariki iliupa jina la Marx ingawa mwenyewe hakuwahi kuishi pale, na ambao wakazi wake waliurudishia jina la awali kwa kura ya Aprili 1990, asilimia 76 wakiunga mkono. Jina hilo la awali ni la mto unaopita mjini, nalo limetokana na neno la Kislavi lenye maana ya kijito cha mawe.

Kisha angalia kama mbele ya jina pameandikwa "Bezirk", kwa kuwa huo ulikuwa mkoa mzima uliojumuisha pia Zwickau na Plauen. Mimi nilipoteza miezi nikiulizia Chemnitz, kumbe mjomba alisomea Zwickau.