Baada ya saa nane: kwa wauguzi wapya mnaoripoti Dodoma

Barua za ajira mmeshapata, mabegi yameshashuka stendi ya Nanenane, na wiki ijayo kila mmoja atakuwa kwenye zahanati yake huko Bahi, Chamwino, Kongwa au Chemba. Habari za nyumba za kupanga na vumbi la kiangazi mtaambiwa na wenyeji. Mimi naandika kuhusu lugha, maana ndiyo iliyoninyima usingizi kuliko hata dawa kuisha stoo.

Mimi ni mtoto wa Mpwapwa. Nyumbani tulisema Kigogo, Kiswahili nikakikuta darasa la kwanza, na Kiingereza kikanipokea kidato cha kwanza kwa viboko. Nilipoanza kazi nilijiona nina utajiri: mgonjwa aje na lugha yoyote kati ya hizo tatu, mimi nipo. Mganga mfawidhi alinipenda kwa hilo kuliko kwa vyeti vyangu.

Mwaka wangu wa pili kazini, mama mmoja alileta mtoto wa miaka miwili. Kipimo kikasoma malaria. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nikampa dawa mseto, dozi ya kwanza mtoto akanywa mbele yangu. Ratiba mnaijua: dozi 6 kwa siku 3, ya pili inafuata ya kwanza ikishatimiza saa 8, kisha asubuhi na jioni mpaka ziishe. Mambo hayo nilifundishwa kwa Kiingereza na kichwani yamekaa kwa Kiingereza. Pale dirishani nikayageuza haraka: “Ya pili utampa baada ya saa nane.” Akaitikia, akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka.

Kesho yake amerudi, mtoto katapika usiku kucha. Nikamuuliza dozi ya pili alimpa lini.

“Saa nane na robo.”

“Ya usiku?”

“Ya mchana, nesi. Si ulisema baada ya saa nane? Nikasubiri saa nane ipite.”

Nilikosa la kusema. Dozi iliyotakiwa kuliwa saa kumi na mbili jioni ililiwa mchana, saa nne tu na robo baada ya ile ya kwanza, na mama wa watu alikuwa ametii neno kwa neno. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini sentensi yangu haikuwa na kosa la sarufi hata moja, na hilo ndilo lililonitisha. Walimu wa Kiswahili wanasema wingi wa saa ni saa, nami sina ugomvi nao, ila dirishani “masaa” inaokoa. Hata hiyo siitegemei. Nataja saa yenyewe pamoja na kitu kinachoonekana: saa kumi na mbili jioni, mbuzi wakirudi zizini. Mgonjwa hahitaji kupiga hesabu. Hiyo ni kazi yangu, ndiyo ninayolipwa.

(Kwenye faili mambo yanageuka. Pale tunaandika saa za Kizungu, na muuguzi aliyechoka akisikia “saa nne” mkono unaandika 4:00 wenyewe, wakati ni 10:00. Wakati wa kukabidhiana zamu, rudieni saa kwa mdomo.)

Siku zile nilikuwa na mwenzangu kijana aliyetoka Kagera. Kigogo hakijui hata salamu. Kwa kuwa hakijui, alikuwa anauliza mara tatu, anaonyesha kwa vidole, anachora jua linachomoza na jua linazama kwenye bahasha ya vidonge. Nilikuwa namcheka. Baadaye niligundua kwamba wagonjwa wake hawarudi na makosa ya aina ile niliyoyafanya mimi. Asiyejua lugha anauliza, sisi tunaojua tunapitiliza. Hasara kubwa ya lugha mbili niliyoiona kazini ni hiyo: unajiamini palepale penye shimo.

Shimo la pili lilikuwa ndani ya Kigogo changu mwenyewe. Niliondoka nyumbani kwenda bweni nikiwa na miaka kumi na nne, na Kigogo changu kikabaki na umri huo. Najua majina ya mboga zote za mlenda. Najua kumkemea mbuzi na kumwomba mama hela ya daftari. Lakini yale wanayofundishwa wasichana wakikua, ya mwili na ya unyumba, mimi sikuyasikia kwa Kigogo; niliyapata chuoni, kwa Kiingereza, kwenye picha za kitabu. Basi mwanamke wa umri wangu alipoanza kunieleza shida yake kwa maneno ya staha wanayotumia watu wazima, nilielewa kila neno na nisielewe anachosema. Nikatikisa kichwa kama niliyeelewa, kwa aibu ya kuonekana Mgogo wa mjini. Msifanye hivyo. Semeni, “Mama, hilo neno silijui, nifafanulie.” Hakuna aliyewahi kunidharau kwa swali hilo. Tena wengi walifurahi kunifundisha.

Msiwatumie watoto kutafsiri. Siku moja nilikuwa napanga dawa, yule wa Kagera anamhoji bibi mmoja kupitia mjukuu wake, binti wa kama miaka kumi. Bibi akaeleza kirefu: maumivu ya chini ya kitovu, damu iliyoanza kutoka miaka mingi tangu hedhi ikome, na hofu yake kwamba amerogwa. Binti akainama, akachezea ukingo wa kanga ya bibi yake, akasema, “Anasema tumbo.” Kijana akaandika tumbo. Nisingekuwa chumba kile, bibi angeondoka na dawa za minyoo, na damu kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi ni ya kupewa rufaa siku hiyohiyo. Kosa si la mtoto. Tulimtwisha mzigo wa watu wazima. Tafuteni mwanamke mtu mzima, mhudumu wa afya wa kijiji ikiwezekana, na mwambieni atafsiri yote bila kufupisha. Bibi akiongea dakika mbili na tafsiri ikatoka maneno mawili, rudini mwanzo.

Faida zipo, na mimi sizibadilishi kwa mshahara. Leba ndipo mtakapoziona. Mwanamke atajibu Kiswahili kizuri mpaka uchungu ukolee, halafu Kiswahili kinaisha na lugha ya mama yake inashika usukani. Usiku mmoja nilimsikia mama mkwe akimnong’oneza mkwewe kwa Kigogo asithubutu kusema kwamba ameshakunywa mizizi ya kuharakisha uchungu. Wote wawili walidhani mimi ni mtu wa kuja. Nikawasalimu, Mbukwenyi, wakaishiwa nguvu, tukacheka, kisha tukaongea ukweli kabla mambo hayajaharibika. Tangu hapo huwa najitambulisha mapema. Kusikiliza watu kwa kujificha si uungwana hata kama kunasaidia.

Ninyi mliotoka mbali jifunzeni angalau salamu: Mbukwa kwa mtu mmoja, Mbukwenyi kwa wengi. Ila mjue, ukiitoa vizuri sana utamwagiwa Kigogo cha dakika tano bila kituo. Salimia, kisha kiri mapema kwamba umefika hapo tu.

Wala msidhani kila mtu mkoa huu ni Mgogo. Kondoa mtakutana na Warangi. Chemba kuna Waburunge ambao lugha yao ni ya Kikushi, na upande wa Kwa Mtoro kuna Wasandawe, wenye lugha ya kugonga ulimi kinywani. Mimi na Kigogo changu huko ni mgeni kama ninyi. Mkipangiwa Singida ni Kinyaturu na Kinyiramba. Mwenyeji wa Dodoma anayewaambia “hawa wote nawaelewa” msimwachie dirisha.

Hasara nyingine sikuambiwa na mtu: ukijua lugha mbili unageuka mdomo wa kila mtu. Unaitwa ukiwa likizo. Ndugu wa mgonjwa wanakupigia usiku kwa kuwa “wewe ni mtoto wetu”, na mtoto wao anatarajiwa awapitishe foleni. Kubwa zaidi, habari mbaya unapewa wewe uzipeleke. Daktari anasema kwa Kiswahili kimoja safi, anatoka, unabaki wewe na mama aliyefiwa, ukisema neno lile kwa lugha aliyokuimbia bibi yako. Kuna mwezi nilisema mara nne. Kwenye mkataba wa kazi hakuna kifungu cha jambo hilo, kwa hiyo jiwekeeni wenyewe: daktari abaki chumbani mpaka nimalize kutafsiri.

Kliniki akina mama watawauliza kama lugha mbili zinamchelewesha mtoto kusema. Hapana. Mtoto anachanganya, na kuchanganya ni kawaida. Hesabuni maneno yake ya lugha zote pamoja. Akifika miaka miwili haunganishi hata maneno mawili kwa lugha yoyote, msiilaumu lugha ya bibi, pimeni masikio. Na mkisikia kwamba lugha mbili zinakinga ugonjwa wa kusahau uzeeni, habari hiyo ilivuma zaidi tangu 2007, watafiti wa Toronto, Kanada, akiwemo Ellen Bialystok, walipoandika kwamba dalili zilichelewa kwa takriban miaka 4 kwa wagonjwa wa lugha mbili. Waliofuata wengine hawakuona hivyo. Mimi napotelewa na neno kila siku katikati ya sentensi, lugha zote tatu zikigombania mlango, kwa hiyo siwauzii ahadi.

Mwaka jana mama yangu aligundulika ana sukari. Alitoka kwa daktari na pakiti ya vidonge, akaniuliza kwa Kigogo ameambiwa nini. Nikaanza kwa Kigogo, nikaishiwa maneno, nikamalizia kwa Kiswahili cha kazini: kutwa mara mbili, pamoja na chakula. Akatikisa kichwa polepole. Kichwa kile nakijua. Nimetikisiwa dirishani miaka mingi.

“Haya mama, niambie wewe utakunywaje.”

Akaangalia pakiti, akaangalia mafiga.

“Kimoja nikiwasha moto asubuhi na uji. Kimoja nikiuzima usiku, ugali ukishaliwa.”