Langtang, Nepal: usiende na kiburi cha Kilimanjaro

Wakuu, mimi Langtang nilienda na kichwa kikubwa. Nimeshafika Uhuru, mita 5,895, sasa hako kabonde ka Nepal ambako kijiji cha mwisho kipo mita 3,870 tu katanifanya nini. Kalinifanya.

Njia inaanzia Syabrubesi, chini kwenye mita 1,500 hivi, unafika kwa basi kutoka Kathmandu, siku nzima ya kona na mashimo, ukipewa siti ya nyuma pole yako. Wengi wanalala Lama Hotel (jina la kijiji hilo, sio hoteli, hata mimi nilichanganyikiwa), kesho yake kijiji cha Langtang, keshokutwa ndio Kyanjin Gompa, kile kijiji cha mwisho. Mimi siku ya pili nikapitiliza mpaka Kyanjin. Karibu mita 1,400 kwa siku moja jamani! Usiku kichwa kinagonga, natapika mpaka maji. Alfajiri mwongozaji akanishusha hadi Langtang, kila nikitaka kuharakisha ananiambia "bistari, bistari". Namuuliza maana yake, kumbe ni taratibu, taratibu. Yaani pole pole ileile niliyoimbiwa Marangu, nimelipa nauli ya ndege kwenda kuisikia kwa Kinepali.

Kwa hiyo ukishavuka mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kati ya unapolala leo na utakapolala kesho, na kichwa kikianza kuuma usipande, kisipoacha shuka. Dawa za ugonjwa wa mwinuko muulize daktari kabla hujasafiri.

Sasa wanyama. Sio Serengeti hii, hakuna gari wala kundi la nyumbu, na panda mwekundu wapo kwenye mianzi ila mimi sikumwona. Ajabu ni kwamba siku niliyolazimika kukaa tu pale Langtang na kikombe cha chai ndio nilifaidi. Nikasikia vijiwe vinaporomoka, kuangalia juu, tahr watano, mbuzi mwitu wenye manyoya marefu shingoni, wanatembea kwenye jabali ambalo mimi nisingeweka hata kidole. Wakati wa kushuka msituni tukakaa kimya kama nusu saa, langur wakaja wenyewe, aina ya kima wa kijivu wenye nyuso nyeusi, mmoja anachuma majani na kutuangalia kama sisi ndio maonyesho.

Hapo kijijini Langtang unapita pia juu ya uwanja wa mawe matupu, chini yake ndio kijiji cha zamani kilichofunikwa na barafu na mawe siku ya tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015. Sikupiga picha.

Mengine: Oktoba na Novemba anga ni safi, Machi na Aprili maua. Kiingilio cha hifadhi kwa mgeni rupia 3,000. Beba keshi ya kutosha, huko juu usitegemee ATM. Kwenye gesti kula dal bhat, wali na dengu, unaongezewa bure, na Kyanjin wanatengeneza jibini la maziwa ya yak (ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu), mimi nililionja mara ya pili nilipopanda, safari hii kwa siku mbili.