Gata la kati linalofurika ghalani

Kaka, umeniuliza kuhusu gata la kati la ghala lako la Nyakato, Mwanza, yaani mfereji ulio kati ya mapaa mawili, ambalo hufurika mvua ikinyesha. Usilibomoe ili kulifanya gata liwe pana zaidi. Angalia kwanza matundu ya kutolea maji. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa paa la mita za mraba 1,200, mvua ya milimita 100 kwa saa inashusha kama lita 33 kila sekunde, na mvua za ziwani hupiga kwa nguvu hivyo japo kwa dakika chache. Mabomba mawili ya inchi 4 yatazidiwa tu, gata liwe pana vipi. Ongeza matundu na mabomba.

Halafu, tafadhali sana, toboa njia ya dharura ya kumwaga maji nje kwenye ncha zote mbili za gata, chini kidogo ya ukingo wa mabati. Gata la kati likijaa, maji huingia ndani, juu ya mzigo wa watu.

Ule mfumo wa kunyonya uliouulizia, ambao bomba hujaa maji bila hewa, unafaa mapaa makubwa zaidi, na lazima upigiwe hesabu na mhandisi. Fundi asiukadirie kwa macho.